Dole Gumba la Kushoto

Bi Siwatu alikamatwa akiuza vitumbua barabarani bila kibali, na hakimu akampiga faini. Kwenye dirisha la mahakama, karani akaongeza pesa kidogo juu ya ile faini.

"Na hizi za nini tena, mwanangu?"

"Za mfuko wa waathirika, mama. Kila mkosaji anachangia, ili walioumizwa na wahalifu watibiwe."

Aliujua mfuko huo. Huu mwaka wa pili, tangu panga la mwizi lilipoondoka na dole gumba lake la kulia, fomu yake ya kuomba msaada ilikuwa ikirudishwa kutoka dirisha hilohilo: haina alama ya dole gumba la kulia. Alikwisha kueleza mpaka mate yakamkauka.

Akafungua pindo la kanga kwa meno, akalipa. Karani akamsogezea stakabadhi na wino wa kutia dole. Bi Siwatu akauinua mkono wake wa vidole vinne, akamwonyesha.

"Weka la kushoto tu, mama," karani akasema kwa upole. "Kwa kulipa, linatosha."

Akabonyeza. Karani akaita anayefuata. Bi Siwatu akabaki kando ya dirisha, dole limelowa wino wa zambarau, akitafuta pa kulifutia.