Komba wa Bi Semeni

Sheria ilitaka kila nyumba ilee mnyama mmoja wa porini, na Bi Semeni wa Morogoro alipangiwa komba. Kwa miaka miwili alimlisha ndizi mbivu kwa mkono wake. Komba alikuwa mwoga. Mgeni akibisha hodi, yeye hukimbilia darini.

Asubuhi moja akaja mkaguzi, mama mpole mwenye begi la ngozi.

"Ndiyo mara yangu ya kwanza kufika mtaa huu," alisema.

Kabla hajaketi, komba alimrukia begani, akapenyeza mkono mfukoni mwake, akatoa tende.

"Mbona anakujua?" Bi Semeni aliuliza.

"Wanyama hawana adabu, dada yangu." Akagonga muhuri kwenye kibali, akaaga. "Mpe pole mzee. Mguu utapona."

Bi Semeni aligeuka kutazama chumbani. Mumewe alikuwa ameteguka mguu jana yake jioni, mle mle chumbani, na hawakuwa wamemwambia mtu.

"Amesemaje?" mzee aliuliza kutoka kitandani.

Komba alikuwa ameketi mlangoni, masikio yamesimama.

"Amesema tunamtunza vizuri," Bi Semeni alijibu. Tangu siku hiyo, ndani ya nyumba yao walizungumzia mvua na mboga tu.