Ikichuja, Rudisha

Mbeyu aliitupa doti ya kanga juu ya kaunta, na wateja wote wakageuka kumtazama.

"Hii ndiyo kanga ya kusifiwa?" akauliza. "Mavyaa ameivaa mara moja tu. Mvua imemkuta akitoka harusini, akafika kwangu shingo ya kijani, na gauni lake jeupe limekuwa kama sukumawiki."

Ulikuwa mwaka wa El Niño, mvua ikibomoa madaraja, seuze rangi ya kanga. Lakini mavyaa hakutaka habari za mvua. Alisema mkamwana wake amemfanya kichekesho makusudi, na kwamba hatakanyaga tena nyumba yao ya Kibokoni mpaka aletewe doti nzima. Mume wa Mbeyu naye alikuwa amenuna, hata chai hanywi.

Kilichomuuma zaidi Mbeyu ni kwamba duka hili alilichagua kwa sifa zake. Biashara Street nzima ilimjua Bwana Jefwa na maneno aliyoyaandika juu ya mlango: Ikichuja, Rudisha. Siku aliyonunua, alimwona kwa macho yake mwanamke mmoja mrefu akilia papo hapo kwenye kaunta kwamba kanga yake imechuja, na Jefwa akambadilishia bila ubishi. Mbeyu aliguswa sana, akalipa bila hata kuomba apunguziwe.

Sasa Jefwa aliitazama saa ya ukutani, akatabasamu kama mtu aliyefikiwa na mgeni wake.

"Pole sana, mama. Hebu sema tena, walio nyuma hawakusikia."

Mbeyu akasema tena, na safari hii machozi yakamtoka kweli. Jefwa hata hakuikunjua ile kanga iliyochuja. Alishusha doti mpya kutoka rafu ya juu, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Duka hili halibishani na mteja," akatangaza.

Wateja wakaitikia kwa vichwa. Wawili wakafungua pochi zao.

Mbeyu aliona haya kwa kelele alizopiga. Kumbe bado mji huu una watu waaminifu, akawaza. Jefwa akamsindikiza mpaka mlangoni, kisha akamwinamia sikioni.

"Umelia vizuri, dada, umemshinda hata yule mrefu aliyekutuma," akanong'ona. "Sasa zunguka mlango wa nyuma, unirudishie doti yangu, uchukue pesa yako ya chai."