Marahaba ya Mzee Kitwana

Kila nyumba iliruhusiwa prosesa moja tu, ubongo wa kuendeshea mashine zote, na ya nyumbani kwa Zawena ilikuwa na viini vinane: viwili vya mbio, sita vya kujikongoja. Tangu baba yake, Mzee Kitwana, apooze, mawazo yake yalipitia vile viini vya mbio ndipo yakatoka kwa sauti kwenye spika. Alikuwa akiwatania majirani mpaka wanashika mbavu.

Kisha zikaja oda za sare za harusi. Ili mashine yake ya kuchora na kukata magauni isikwamekwame, Zawena akamhamishia mzee kwenye viini vya polepole. "Wiki moja tu," alijiambia. Sasa ulikuwa mwezi wa tatu.

Asubuhi hiyo alipita sebuleni na vitambaa begani.

"Shikamoo, baba."

Mzee alimtazama, macho yake maangavu kama zamani. Zawena akachemsha chai, akapiga pasi magauni mawili, ndipo spika ikakoroma.

"Marahaba, mwanangu."

Zawena akaganda na pasi mkononi. Ikapita robo saa nyingine.

"Unisamehe. Siku hizi maneno yanachelewa kunitoka. Nadhani akili inaniishia. Hata majirani hawaji tena, nawachosha."

Chumba cha pili, mashine ilikuwa inamalizia gauni la tano, haraka, bila kukwama. Kumrudishia mzee viini vyake kulitaka kubonyeza kitufe kimoja mara moja tu. Zawena alikitazama kile kitufe.

"Ni umri tu, baba," akajibu papo hapo.