Makofi ya Shule Nzima

Ndeshi alimkuta bintiye Eliwaza ameanguka kando ya mafiga, povu mdomoni, nywele za upande mmoja zimeungua. Kifafa kilikuwa kimerudi. Alimlaza kiubavu, akamshikilia hadi mwili ulipotulia na macho yakamtambua.

"Vidonge unameza, mwanangu?"

"Niliacha, mama. Tangu wale wageni walipokuja shuleni kugawa Biblia."

"Nani alikwambia uache?"

"Yule mama mgeni alinishika kichwa akaomba. Mwalimu akatafsiri kwamba nimeshapona. Shule nzima ikapiga makofi."

Wageni walishaondoka na basi lao, hata majina yao Ndeshi hakuyajua, wala hakuwa na wa kumwendea amwambie, njoo uone ulichokiacha. Biblia yenyewe aliifurahia sana. Ni yeye aliyeivika jalada la gazeti isichafuke, lakini hakuuliza siku ile ilikwendaje.

Akaleta kidonge na kikombe cha maji. "Meza, mama'ngu."

Eliwaza akaikumbatia Biblia kifuani. "Nikimeza, wenzangu watasema nimemfanya Mungu mwongo."

"Mungu hajagombana na dawa, mwanangu. Fungua kinywa."

Mtoto akabana midomo, akageukia ukutani. Ndeshi akabaki amenyoosha mkono uliolowa maji yaliyomwagika kikombeni, na kidonge kikaanza kuyeyuka taratibu katikati ya kiganja chake.