Ukuta wa Bondeni

Mvua kubwa ilipoanza asubuhi, Mwanakheri alitoka kwenye taasisi ya utafiti wa tabianchi alikofanya kazi, akateremka hadi bondeni. Ni yeye aliyeishawishi halmashauri ya mji isiwahamishe watu wa huko, bali ibomoe ukuta uliozuia mto usiingie kwenye kinamasi cha zamani. Wengi walimwonya kwamba maji yangeingia majumbani.

Alimkuta Bi Sikudhani, mjane ambaye nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na mto, amesimama mlangoni.

"Mama, twende mlimani kwanza," Mwanakheri alisema. "Huenda nimekosea hesabu."

"Mbele ya halmashauri hukusema hivyo."

"Kule sikuwa nayaona maji."

Bi Sikudhani akasogea kidogo, akampa nafasi. "Basi simama hapa tuyaone sote."

Maji yakapanda, yakabeba jiko la mkaa lililokuwa uani, yakafika kizingitini. Bila kujijua, Mwanakheri alimshika mkono yule mama. Kisha mvumo wa mto ukabadilika. Pale palipobomolewa ukuta, maji yalikuwa yamepata njia, yakawa yanamiminika kinamasini. Polepole kizingiti kikaanza kuonekana tena, kimejaa tope.

Mwanakheri alikaa palepale chini, akacheka huku akilia.

"Jiko limekwenda," Bi Sikudhani alisema, akimfuta uso kwa ncha ya khanga. "Chai tutakunywa kwa jirani."

Uani, kandambili kuukuu ya mtoto ilielea, ikazungukazunguka, kisha ikafuata mkondo kuelekea kwenye matete ya kinamasi.