Bahari ya Sebuleni

Kidole cha Ferjani kilikuwa karibu kugusa maji Ghaith alipomdaka mkono.

"Baba, hapana. Mafuta ya mkono yanaua. Kazi yote hii unaimaliza kwa kidole kimoja?"

Ferjani aliurudisha mkono kama mtoto aliyefumaniwa kwenye sukari. Yalikuwa mazoea tu. Maisha yake yote alikuwa akichovya kidole kwenye mitungi ya zeituni na kukilamba, ajue kama chumvi imekolea, na hapa mjini Zarzis hakuna aliyewahi kumkosoa ulimi.

Basi akakaa kwenye mkeka, akatazama. Tangi la kioo lilikula ukuta mzima wa sebule. Ndani mlikuwa na mawe, mchanga mweupe, pampu iliyonguruma polepole na taa ya buluu. Samaki, hakuna hata mmoja. Ghaith alishaeleza kwamba matumbawe hayataki pupa: maji hukaa matupu wiki baada ya wiki mpaka yaive, na anayetia samaki mapema anachimba kaburi. Mkulima wa mizeituni haambiwi hilo mara mbili. Baba yake Ferjani alipanda miti ambayo matunda yake hakuyaonja.

Bajeti waliipanga pamoja, Ijumaa moja baada ya kuskusi, Ghaith akitaja na Ferjani akipunguza. Tangi liwe la mitumba. Mawe yaje kidogo kidogo. Taa haikupunguzika, maana matumbawe hula mwanga. Lakini chumvi ilimtoa Ferjani machozi ya kicheko: chumvi ya pakiti, kutoka Ulaya, ghali kuliko mafuta yake ya zeituni, na bahari yenyewe iko pale nyuma ya msikiti. Alijitolea kuleta madumu ya maji yake kwa punda, bure.

"Maji ya bandarini yana dizeli, baba," Ghaith alisema. "Ama tufanye vizuri, ama tuache."

Neno hilo, tuache, ndilo lililomtia Ferjani baridi. Msimu uliopita walinzi wa pwani walimrudisha Ghaith akiwa amelowa chapachapa, yeye na wenzake, kutoka kwenye boti ya mpira iliyokuwa ikielekea Italia. Mwana wa jirani yao Zohra, aliyepanda boti iliyofuata, hakurudishwa na mtu, na Zohra mpaka leo anamwekea sahani. Tangu habari ya tangi ianze, Ghaith hakuitaja Italia tena. Kijana anayengoja maji yaive hana safari.

Kwa hiyo Ferjani aliuza shamba la upande wa barabara, mizeituni ya babu yake. Mkewe Mabruka alisema samaki asiyeliwa hana haki ya kugharimu zaidi ya ng'ombe, kisha akavua bangili zake mbili akaziweka juu ya meza. Mkahawani wenzake walimsubiri kwa dhihaka.

"Ami Ferjani kauza miti, kanunua mawe."

"Wana wenu wameifuata bahari," aliwajibu. "Wangu kaileta sebuleni."

Mume wa Zohra alikuwa amekaa pale pembeni na kikombe chake, na Ferjani alitamani ayameze maneno yake. Lakini hakuyaona kuwa ya uongo.

Ghaith akawa mtu wa bidii. Kila asubuhi aliangalia hali ya hewa kwenye simu, upepo na joto, maana, alisema, joto la nje huyasumbua maji. Alikwenda mjini Sfax kulipa kwa mafungu, akarudi na pakiti na mirija. Safari ya mwisho ilikuwa Jumanne, kufuata matumbawe yenyewe. Siku hiyo bahari ilikuwa imelala kama mafuta kwenye sahani. Alimbusu baba yake utosini, akambusu mama yake mikono yote miwili, akafika mlangoni, akarudi, akawabusu tena.

"Msiguse maji," alisema. "Nitapiga simu."

Alhamisi simu yake ilikuwa bado imezimwa. Ferjani alimwambia Mabruka kwamba betri ya ile simu ni kikongwe kuliko yeye. Kisha, ili asishinde akiikodolea macho, akaamua kumwandalia mwanawe furaha. Alipanda basi mpaka mji wa Medenine, kwa Nizar muuza samaki wa mapambo.

Nizar alimchagulia mmoja wa buluu, mdogo kama kokwa ya tende. Alikuwa samaki sugu, wa kutangulizwa kuyapima maji. Aelee kwanza ndani ya mfuko wake mpaka azoee, alielekeza, ndipo afunguliwe.

"Na chumvi imeshaganda kwenye kingo za kioo, ami? Nyeupe nyeupe? Maji ya chumvi hayakosi hiyo."

Ferjani hakukumbuka kuona kitu. "Mwanangu hufuta kila siku," alisema, kifua mbele. "Msafi kuliko mama yake."

Nyumbani alifanya yote kama alivyoelekezwa. Mfuko ulielea chini ya taa ya buluu, naye akaagiza chai ya kusherehekea. Ulipotimia muda akaufungua. Samaki akachomoka kama cheche, akalizunguka jiwe la kwanza, akalizunguka tena, akasimama. Akalalia ubavu. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke alipotua juu ya mchanga, mdomo ukifunguka na kufumbika, kisha ukabaki wazi.

Jikoni Mabruka alikuwa akiipiga namba ileile.

Ferjani alikunja mkono wa kanzu, akachovya kidole, akakilamba. Akachovya tena, mpaka kwenye kiwiko, akalamba.

Maji ya bomba. Hayakuwa na chumvi hata chembe.