Sauti ya Waya

"Siiwezi ndoo hiyo, mama," Mwanamize alimwambia mkwewe, na papo hapo waya ukaamka shingoni mwake, sauti ikamtoka nzito, ya kukwaruza, kama ya mwanamume.

Madaktari wa Dar walimpitishia waya huo ndani ya mshipa wa damu, uushtue mshipa wa fahamu, moyo wake mchovu upate nafuu. Walimwonya kuwa sauti itabadilika kila waya utakapoushtua mshipa. Wakamkataza na kubeba maji. Mkwewe aliambiwa habari ya maji tu, na bado kila asubuhi ndoo iko pale pale mlangoni.

Leo, mara ya kwanza kuisikia sauti ile, mkwewe alipiga magoti. Alijua shetani amempanda mkaza mwanawe. Akavuta chetezo, akatia ubani.

"Karibu, bwana mkubwa. Wataka nini kwa kiti chako?"

Kiti, yule anayekaliwa na shetani, ndiye yeye Mwanamize. Mtekenyo wa waya chini ya taya ulianza kufifia, akawahi kabla sauti haijarudi kuwa yake.

"Kiti changu kisibebe maji tena!"

"Tumesikia, bwana." Mkwewe akainuka, akaitwaa ndoo mwenyewe. "Na jengine?"

Lilikuwapo jengine, la miaka mingi, asilothubutu kulisema kwa sauti yake mwenyewe. Mwanamize alifumba mdomo, mkono shingoni, akausubiri waya uamke tena.